Njia ya Ziwani Kwenda kwa Mama

Tangu nirudi, miaka sasa, kila tukikaa kuanika dagaa pale Kibirizi mnaniuliza safari ilikuwaje, nami nawajibu "salama tu" halafu nageukia dagaa wangu. Haikuwa salama. Nimechoka kuulizwa na nimechoka kujibu uongo, kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote mara moja. Someni mkiwa mmekaa, halafu mniache. Habari za vibali na tiketi sizigusi; aliyekulia ukimbizini kama mimi ameshazungumza vibali hadi mdomo umekauka.

Wengine kati yenu mtajiona humu. Msinune. Mimi nimeshanuna kwa niaba yetu wote.

Ujiji hadi mlima wa Bubango

Mnajua mama yangu alikuwa akiishi Mishamo, yale makazi ya Warundi kule njia ya Mpanda. Alitoka Burundi akikimbia, mimi mgongoni, akapewa shamba porini akalifyeka, akamzika baba hapo hapo. Mimi nikaolewa Ujiji, nikawa Mama Shabani, lakini kwake nilibaki Siperansia.

Jioni moja nilitoka Kibirizi nikamkuta mume wangu amekaa nje na mtu aliyeshuka kwenye treni akitokea Uvinza. Mtu yule aliponiona akasimama, akaaga, hata maji hakunywa. Baba Shabani akaniambia, "Mama yako anaumwa. Amekuita."

"Anaumwa nini?"

"Homa. Na kifua."

"Kimembana sana?"

"Nenda ukamwone," akasema, akaingia ndani.

Nilitaka kuondoka usiku ule ule. Lakini mnaikumbuka miaka ile: watu wa Kongo na wa Burundi wanavuka ziwa kila siku, malori yote yamekodiwa kubeba wakimbizi na vyakula vyao, na magari ya abiria ukiyaona ujue yameharibika. Mume wangu akasema shemeji Hamisi, mdogo wake, anaondoka na gari kwenda upande ule ule, atanichukua.

Hamisi alikuwa dereva wa mtu mmoja wa mjini anaitwa Bwana Festo. Huyu Bwana Festo alikuwa na wazo lake. Alisema vita vya ng'ambo vitakwisha, wageni watarudi kuangalia sokwe, na si kila mgeni anapenda kutapika kwenye boti. Basi atawapeleka kwa gari, kutoka milima ya Gombe hadi milima ya Mahale, na alikuwa anatafuta njia ya katikati inayopendeza macho. Miaka ile ya kilio, yeye anatafuta mandhari. Nilimwona ana wazimu kidogo, ila gari lilikuwa lake.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza inapita Uvinza: vumbi, fupi, inakufikisha Mishamo moja kwa moja, kisha unatafuta ziwa baadaye. Ya pili inapita Simbo na Ilagala, unavuka mto Malagarasi kwa pantoni, unafuata ziwa hadi Rukoma, halafu ndiyo upande porini kurudi Mishamo. Nani asiyejua kuchagua hapo? Nikasema Uvinza.

Hamisi akasema, "Ziwani."

Nikamtazama. Hamisi mnamjua, akiona tope analitukana kabla hajalikanyaga. "Shemeji, mimi nina mgonjwa," nikamwambia.

"Najua, shemeji. Uvinza hakupitiki, mvua imeharibu. Tena Bwana Festo anataka kuona ziwa."

Bwana Festo akaitikia kwa kichwa, hakunitazama.

Asubuhi ile mlinijia kwa wingi, nawashukuru. Mama Asha alileta unga, mwingine sukari, mwingine kitenge kipya hakijafunuliwa. Mlinikumbatia mmoja mmoja, na Mama Asha akanishikilia muda mrefu hadi nikamwambia aniachie, gari linaunguruma. Nikasema moyoni, watu wa Ujiji wana huruma na mgonjwa.

Na kabla ya kushika njia ya kusini, ati tupande kwanza kaskazini! Safari ya wageni itaanzia Gombe, kwa hiyo Bwana Festo lazima aione Gombe kwa juu. Tukasimama Mwanga nikamnunulia mama khanga, tukapita Mwandiga, tukakunja kuelekea Chankele, tukapanda hadi Bubango. Pale juu akashuka na kamera yake. Chini yetu kulikuwa na msitu wa Gombe, chini ya msitu ziwa, ng'ambo milima ya Kongo imekaa na mawingu yake. Kwenye maji kulikuwa na maboti matatu yamezama karibu hadi ukingoni kwa watu, yanakuja upande wetu polepole.

"Mama Shabani, hebu angalia," akasema Bwana Festo.

"Nimeangalia."

"Hapa mgeni atakaa hata nusu siku."

"Huyo mgeni mama yake mzima," nikasema. "Ziwa nimelizoea, Bwana Festo. Ninayetaka kumwona ni mama yangu."

Akanipa mgongo, akaanza kuifuta kamera yake kwa shati. Aliifuta mpaka nikadhani ina doa la lami. Mwanamke mmoja wa pale alitukaribisha mihogo ya kuchemsha na kahawa ya shamba lake, akaniuliza naelekea wapi. Kabla sijafungua mdomo Hamisi akamjibu kwamba tunatembea tu, tunaangalia milima. Sikupenda. Lakini nilikuwa na njaa, nikala.

Simbo hadi Ilagala

Baada ya Simbo tulikwama. Si sisi tu. Mbele yetu lori lilikuwa limelala ubavu kwenye tope na kufunga njia, na pembeni watu waliokuwa wamepakiwa humo wamekaa kwenye nyasi, na vyungu vyao, na magodoro yaliyolowa. Hakuna aliyeumia. Walikuwa wametoka ng'ambo juzi yake.

Walipoliona gari letu wakasimama. Landrova nyeupe, mwanaume mwenye miwani anashuka na makaratasi mkononi: wakajua ni watu wa misaada. Bila kuambiwa na mtu wakajipanga mstari, kina mama na watoto mbele, wazee nyuma. Bwana Festo akawa anawaeleza kwamba yeye ni mtu wa utalii. Wakamsikiliza kwa adabu, wakaendelea kusubiri. Mzee mmoja akavua kofia.

Jamani, niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Bwana Festo akafungua mlango wa nyuma, akatoa biskuti zake zote, na soksi zake, hata sabuni aliyokwisha kuitumia. Havikufika hata nusu ya mstari. Ndipo Hamisi akanigeukia.

"Shemeji, tuwape unga."

"Unga wa mama?"

"Wape. Kule hautakosekana."

"Wewe umejuaje kama hautakosekana? Mwanamke yuko kitandani, nani anamlimia?"

Akajikuna shingo, akatazama lori. "Majirani," akasema.

Nikawapa nusu, kwa hasira, na nusu nikaificha chini ya kiti. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga akanishika mkono, akasema kitu kwa Kibembe nisichokielewa. Nikamjibu kwa Kirundi asichokielewa yeye. Tukabaki tumeshikana mikono mpaka waliponiita kusukuma.

Wanaume wa lile lori ndio waliotutoa. Walitusukuma wote, pamoja na yule mzee wa kofia. Tulipoondoka nilitazama nyuma, mstari ulikuwa bado haujavunjika vizuri.

Pantoni

Tulifika Ilagala tukakuta pantoni iko ng'ambo na wenyewe wako ng'ambo wanakula. Mto umejaa, maji mekundu, yanapita na magogo. Tulisubiri mchana wote. Nilikwenda mara tano kumwuliza msimamizi, akanijibu mara tano kwamba kamba inakaguliwa. Mara ya sita akajificha.

Hamisi akalala chini ya gari. Nikamwona amelala kweli, anakoroma, na mimi nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilimchukia. Nawaambia ukweli, nilimwombea mabaya.

Pantoni ilipovuka mwishowe, kati ya walioshuka nikamwona Bibi Veronika, jirani yake mama kule Mishamo, aliyekuwa amekuja kumtembelea binti yake. Moyo wangu ukafurahi. Nikamkimbilia. Aliponitambua akatua kikapu chini, akanishika mikono yote miwili, akasema "mwana wanje", yaani mwanangu, na machozi yakamtoka pale pale mbele za watu.

Hamisi, ambaye alikuwa anakoroma, alifika kabla sijasema neno. "Shikamoo, bibi. Njoo kidogo, kuna mtu anakusalimu." Akamshika bega, akaenda naye hadi nyuma ya banda la tiketi. Walikaa huko. Bibi Veronika aliporudi uso ulikuwa umefutwa kwa khanga.

"Bibi, unalia nini?"

"Nimezeeka, mwanangu. Nikiona vijana nalia tu."

"Mama umemwachaje?"

Akainama kuchukua kikapu. "Nimemwacha nyumbani kwake," akasema. "Nenda, dada yako anakusubiri."

Sasa mtaniuliza, Siperansia, wewe na akili zako zote, hukuelewa hapo? Ningeelewa kama ningetaka. Nilijiambia bibi amezeeka. Nilijiambia mama yuko nyumbani kwake, si hospitali, basi hali si mbaya. Mtu anayetaka kumkuta mama yake hai hasikii vizuri. Tulilala Ilagala kwa sababu ng'ambo giza lilikuwa limeshaingia.

Sunuka, Sigunga, Herembe

Bwana Festo hakudanganya kuhusu njia ya ziwani. Ni nzuri. Upande wa kulia maji, upande wa kushoto milima ya Masito, katikati michikichi na vijiji vyenye dagaa wamemwagwa mchangani. Kama ningekuwa nimekwenda kutembea ningewasimulia kwa furaha. Lakini kila kona nzuri ilikuwa inanila muda, na kila tulipokata kona Bwana Festo alikuwa na la kusema: hili jabali, ule mwambao, yale maji yanavyobadilika rangi. Alisema bila kupumua, kama mtu aliyeagizwa asinyamaze. Na gari lilikuwa linasimama.

Huko nako watu wa ng'ambo walikuwapo. Sunuka walikuwa wamelala chini ya maboti yaliyopinduliwa, nguo zao zimeanikwa juu ya maboti. Wavuvi wa pale walikuwa hawaendi ziwani, maana waliolala chini ya vyombo hawakuwa na pengine pa kwenda na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaamsha. Mtoto mmoja alikuwa akikohoa kikohozi kile kile cha mama.

Hapo Sunuka nikanunua samaki. Mama alipenda kuhe kuliko kitu chochote, na Mishamo kuhe wanafika wamekauka kama ubao. Nilimpata mwanamke aliyekuwa na wawili, nikashindwa kuchagua. Hamisi akashuka garini. Akawashika samaki mmoja mmoja, akafunua matamvua, akanusa, akaniambia, "Chukua huyu, ana mafuta. Supu yake itakuwa nzito." Yule mwanamke akambanika vizuri tukiwa tunasubiri ili asiharibike njiani, nikamfunga kwa majani ya mgomba. Nilimshukuru Hamisi siku hiyo. Hasira zilinitoka zote, nikamwambia, "Shemeji, Mungu akubariki, mama atakufurahia." Akaitikia, "Amina," akaingia garini akakaa kwanza kabla ya kuliwasha.

Baada ya Sigunga nikachoka kabisa. Tulikuwa tumesimama tena juu ya mlima mdogo, ziwa lote liko wazi. Nikashuka, nikamfuata Bwana Festo.

"Bwana Festo, ukisimamisha gari hili tena, natembea kwa miguu. Sikutanii."

Alikuwa hata kamera hajaishika. "Mama Shabani," akasema polepole, "anayesimamisha si mimi."

Nikamgeukia Hamisi. Alikuwa amefungua boneti, anaitazama injini. "Imepata moto," akasema. Niliweka mkono juu ya bati. Lilikuwa na joto la kawaida tu. Nikatukana, nikarudi kukaa. Sikuwa na mtu mwingine wa kunifikisha.

Tulilala Herembe kwa mama mmoja anayebanika samaki wa migebuka. Alitupa ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, akaniwekea kichwa kwa heshima. Aliniuliza mgonjwa ni nani, nikamwambia ni mama. Akasema, "Umkute." Mwenyeji huyo ndiye mtu pekee njia nzima aliyeniambia neno la kweli kutoka moyoni, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa hajui.

Rukoma hadi nyumbani

Kesho yake mvua ilinyesha hadi Rukoma. Ilipokata tukaiona Mahale kusini, milima ile mikubwa imesimama majini, mawingu yamekatika kiunoni mwake. Hicho ndicho alichokitafuta Bwana Festo siku zote hizi. Hakushuka.

"Hupigi picha?" nikamwuliza.

"Nitapiga nikirudi. Tukufikishe kwanza."

Nilishangaa, nikamwona mtu mwema kumbe. Tukaacha ziwa, tukapanda njia ya wakata mbao kuingia msituni. Safari hii Hamisi hakusimama hata mahali pamoja. Alipita madimbwi ambayo jana angeyazunguka. Nikaanza kupanga maneno. Nilikuwa na maneno mengi: kwamba nisingekaa tena muda mrefu bila kuja, kwamba Shabani amemaliza shule, kwamba ningemchukua nikamwuguze Ujiji karibu na hospitali, na safari hii asinikatalie. Niliyasema kwa Kirundi, kimoyomoyo, maana mama ukimweleza jambo zito kwa Kiswahili alidhani unamficha kitu.

Tulifika alasiri. Niliuona moshi mwembamba kwanza, halafu gogo kubwa linawaka uani mchana kweupe, na wanaume wamekaa kwenye mikeka kulizunguka. Nilijua. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Gari lilikuwa halijasimama na wanawake walikuwa wameshatoka, wanakuja mbio, dada yangu Anjelina mbele, vitenge vimefungwa kiunoni, mikono imenyooshwa. Wakafungua mlango wakanishika kabla mguu haujagusa chini. Nililia hadi sauti ikaisha. Hayo sitayaeleza zaidi.

Niliponyamaza nikamwuliza Anjelina, "Lini?"

"Kabla hatujamtuma yule mtu kwenye treni. Tulikuwa tumeshazika."

"Hamisi alijua?"

"Ndiye aliyekuleta."

"Baba Shabani?"

Akanifunga vizuri kitenge kiunoni. Na nyinyi nikawakumbuka, unga wenu, na kitenge, na Mama Asha aliyenishikilia asubuhi ile. Wote. Mwenye gari, bibi wa pantoni, jirani. Nchi nzima ilikuwa na msiba wangu isipokuwa mimi.

Nilimfuata Hamisi mahali alipokaa na wanaume. Nikamwambia mbele yao, "Ulinichagulia samaki."

Akasimama. Akasema, "Ndiyo, shemeji."

"Ulimnusa. Ulisema supu itakuwa nzito."

Machozi yakamtoka, mtu mzima yule. "Ningefanyaje?" akasema. "Nikuambie Sunuka, pale mchangani, nikushike mimi mwanaume na Bwana Festo? Na ile ya Uvinza kila mtu angekupa pole dirishani, wamejaa huko waliotoka kuzika. Nilikupitisha kusikokuwa na mtu anayekujua. Nilikuwa nasimama ili nizidi kukawia, tufike mchana wanawake wakiwapo, si alfajiri."

Sikumsamehe. Nilimwacha amesimama.

Nyumbani

Walimzika mama kando ya baba, chini ya migomba. Udongo ulikuwa umeshaanza kushikana kwa mvua. Nilikaa pale kila asubuhi na kumwambia yale maneno niliyoyapanga, lakini yalitoka vibaya, ya Shabani nikayasema mara mbili na ya kumchukua Ujiji sikuyasema kabisa.

Anjelina alijaribu kunieleza. Alinikumbusha mjomba Petero, aliyeambiwa habari ya baba yake akiwa ndani ya treni, na mtu aliyedhani anafanya wema. Mjomba alishuka stesheni isiyo yake, akaingia porini kwa miguu. Walimpata, lakini hakuwa tena yule yule. "Msiba unaambiwa mtu akiwa ameshikwa," akasema dada. Nikamjibu, "Mimi nilikuwa na siku tatu za mwisho za kumlilia mama kabla udongo haujakauka, mkanipa mandhari." Akaniacha, akaenda kuchochea moto. Dada yangu akiniacha hivyo hajakubali, ananipumzisha tu.

Yule kuhe walimpikia waombolezaji. Nilimwona mzee mmoja anatoa miba mdomoni, nikatoka nje.

Siku ya kuondoka akanijia mwanamke kijana, mjane mpya, kichwa kimenyolewa. Mumewe alikuwa amefariki juzi yake, kwa homa ile ile iliyokuwa ikipita makazini. Akasema, "Dada, wifi yangu Yustina anashona pale Mwanga. Wewe unamfahamu. Naomba umwambie kaka yake anaumwa kidogo, aje."

Nilimkatalia palepale. Nikamwambia mimi sitamfanyia mtu mwingine nilivyofanyiwa, nitamwambia ukweli ulivyo. Hakubishana nami. Aliniuliza tu, "Utamwambia mkiwa mmesimama wapi?"

Nikamjibu, mahali popote.

Uvinza hadi Mwanga

Bwana Festo na Hamisi walirudi kutoka Mahale, wakanipitia, na safari hii tukashika njia ya Uvinza. Ilikuwa inapitika vizuri kabisa. Nilikaa kiti cha nyuma, mbali na Hamisi. Uvinza watu wa kanisa la mama walikuja dirishani kunipa pole, Kazuramimba tena, Kidahwe hata muuza mahindi ya kuchoma alikuwa anajua. Kila mmoja aliweka mkono kwenye mlango wa gari na kuinamisha kichwa. Nilijibu "ahsante, tumeshapoa" hadi midomo ikawa mizito. Nikafikiri kama ningepitishwa hapa wakati wa kwenda, wa kwanza kuniambia angekuwa muuza mahindi.

Karibu na mjini Bwana Festo akaniuliza, kwa uoga, kati ya njia mbili hizi nadhani ipi inafaa kwa wageni wake. Nikamwambia ya ziwani. Hakuandika popote, akasema tu, "Hata mimi."

Kesho yake asubuhi nikaenda Mwanga kabla ya kuja Kibirizi. Njia nzima nilikuwa nimeshika maneno yangu: Yustina, kaka yako amefariki, wamemzika, nenda. Mafupi, ya kweli. Ulimi wangu mnaujua, haujawahi kuniangusha.

Yustina alikuwa barazani kwenye cherehani yake, kati ya mafundi wengine, anashona sare za shule. Kulikuwa na wateja wawili wamesimama, mmoja anadai nguo yake. Aliponiona akaacha kazi, akasimama, akanikumbatia.

"Pole, dada. Pole sana ya mama. Siku ile ulipopita hapa kununua khanga nilikuwa nimeshasikia, nikashindwa kukuambia. Nisamehe."

"Nimeshapoa," nikasema.

Akarudi kukaa, akavuta kitambaa chini ya sindano. "Na kaka yangu huko Mishamo, hajambo?"

Nikatazama huku na huku. Dada yake hayupo. Mumewe yuko Kasulu. Kulikuwa na wale wateja, na mafundi wanaume, na barabara imejaa watu wasiomjua.

"Anaumwa kidogo," nikasema. "Amekuita."

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. Alinitazama, na mimi nikamtazama. Yustina ni mtu mzima, ameshawapelekea wengi ujumbe wa namna hiyo. Sikugeuza uso wala sikuongeza neno. Akaitoa sare chini ya sindano, akaikunja, akamwambia yule mteja arudi wiki ijayo, na sauti yake ilikuwa imara kuliko yangu.

"Nipite njia gani, dada?" akaniuliza.

Nikamwambia apite ziwani. Nikamwambia Hamisi atampeleka.